Sweta la Kijani la Anti Zaina

Rosettenville, Johannesburg
Jumapili, 12 Machi 2006
Asubuhi: mawingu mepesi, mvua imekatika alfajiri, ubaridi kidogo.

Kaka Gaudensi,

Shikamoo. Hali ya hewa imetangulia kama kawaida yangu, na najua hapo ulipo umeshatikisa kichwa. Lakini wewe ukiniandikia huanza na bei ya vitunguu, kwa hiyo tuvumiliane.

Huku hatujambo. Shemeji yako Amosi amekatazwa chumvi na daktari. Mezani anakula bila neno, halafu nikiwa kitandani nasikia kifuniko cha kopo kinafunguliwa jikoni. Sijamwambia kuwa nasikia. Kazi yangu ni ileile, kwenye duka la dobi kule Marshalltown: napokea nguo, nabandika namba, naandika kama kuna doa, natoa risiti. Mreno mwenye duka anasema mimi peke yangu ndiye ambaye hajawahi kumpa mtu suruali ya mtu mwingine. Nadhani ni sifa.

Jambo dogo: sweta langu la kijani halionekani. Lile alilonifumia marehemu Mama nilipokuwa na mimba ya Lerato, lenye kifungo kimoja cha kahawia kwa sababu vya kijani viliisha sokoni. Katika daftari langu nimeandika tarehe 3 Septemba mwaka jana: sweta halipo kabatini. Nimepekua hata masanduku ambayo Amosi alirudi nayo kutoka kambi yao ya wakimbizi pale Mazimbu na hajayafungua tangu uhamisho uishe. Halipo. Baridi inakuja na mimi sina moyo wa kununua jingine.

Lerato amepata nafasi kwenye tamthilia ya televisheni. Huonyeshwa kila Jumatano saa mbili na nusu usiku. Ni habari za watu wanaopanga vyumba vya uani huko Alexandra, naye ni mwanamke mgeni anayeitwa Anti Zaina. Naambiwa anafanya vizuri. Sisi wenyewe hatuifuatilii, maana siku za Jumatano antena yetu inasumbua.

Je, kaburi la Baba mlilipiga chokaa kabla ya mvua? Na yule mtani wetu Koleta bado yu hai? Juzi nimemwota.

Msalimie wifi Mwanaasha.

Mdogo wako,
Suzan


Morogoro
Jumatatu ya Pasaka, 17 Aprili 2006

Mdogo wangu Suzan,

Marahaba. Vitunguu vimepanda. Nimekutimizia.

Barua yako imetembea karibu mwezi mzima, nadhani imekuja kwa miguu. Huku tunaishi kwa mgao wa umeme. Fikiria fundi wa televisheni asiye na umeme: nakaa dukani nimezungukwa na televisheni nilizozitengeneza, zote nzima, na hakuna hata moja ninayoweza kumthibitishia mwenyewe kuwa imepona. Jana mteja mmoja kaniambia, "Fundi, nitaaminije?" Nikamwambia, "Leo Pasaka, amini tu." Hakulipa.

Kaburi lilipigwa chokaa, mvua ikaiondoa, tutarudia. Koleta yu hai, amebaki na meno mawili na ulimi wote. Nilipokwenda Mgeta aliniita jambazi mbele ya padri, akataka nimpe viatu vyangu. Kwa nini umemwota?

Sasa sikiliza. Mimi nimetengeneza antena kwa miaka ishirini na sita. Antena inaweza kusumbua wakati wa mvua, wakati wa upepo, hata ndege akiikalia. Haiwezi kusumbua siku ya Jumatano. Huko kuna nini? Nitumie kanda ya hiyo tamthilia. Yule Zubeda wa Dar es Salaam anayekuja Johannesburg kununua nguo za kuuza atapita kwenu mwezi ujao. Mpe yeye.

Kuhusu sweta la Mama, usihuzunike sana. Liko mahali pazuri.

Wifi yako anasema uache kumsikiliza Amosi jikoni, umfiche kopo.

Kaka yako,
Gaudensi


Rosettenville
Jumapili, 14 Mei 2006
Asubuhi: jua kali lisilo na joto, umande mweupe kwenye majani ya uani.

Kaka Gaudensi,

Shikamoo. Namshukuru wifi, kopo nimelificha. Amosi amepunguza kusema tangu siku hiyo, lakini presha imeshuka.

Zubeda amepita, nimempa kanda. Kabla hujaiona nitakuambia mwenyewe, kwa sababu ukishaiona utacheka, na nataka angalau dakika moja usome hujacheka.

Anti Zaina ni mimi.

Sisemi anafanana na mimi. Ni mimi. Akikasirika anachukua nguo iliyokwisha kukunjwa, anaikunjua, analamba kidole gumba, anaikunja upya. Akiwa hataki jambo anasema "sawa, sawa, sawa" mara tatu, halafu anafanya kinyume chake. Kiingereza chake ni changu, Kizulu chake ni changu, na ile "eish" ya mshangao ya watu wa huku inamtoka pale pasipotakiwa. Mwezi wa Januari nilikaa na Amosi kuangalia kipindi cha kwanza. Zaina aliingia, akamwambia mwenye nyumba "sawa, sawa, sawa", Amosi akacheka mpaka akapaliwa. Halafu akanitazama, akaacha kucheka. Jumatano iliyofuata nilisema antena ina matatizo, naye akasema ndiyo, ameona.

Nchi nzima inacheka. Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kuchukua koti lake. Nilimwambia asubiri nitafute namba, akageuka akamwita mwenzake barabarani: "Njoo usikie! Ni Anti Zaina!" Kisha kwangu: "Tafadhali dada, sema sawa-sawa-sawa. Mara moja tu." Watu watano kwenye foleni walikuwa wanasubiri niseme. Nilimpa koti lake nikakaa kimya.

Wewe hujui, kaka, nimefanya kazi kiasi gani ili nisisikike. Kwenye teksi naonyesha kwa kidole nishukie wapi. Dukani naelekeza kitu ninachotaka. Tangu tuje mwaka 1994 nimejifunza kupita katika mji huu bila mtu kugeuka kuniuliza nimetoka wapi na nitarudi lini. Sasa wanageuka wote.

Na sweta analovaa Zaina ni la kijani. Lina kifungo kimoja cha kahawia.

Wewe uliandika kwamba liko mahali pazuri. Umejuaje kwamba liko mahali?

Suzan


Morogoro
5 Juni 2006

Mdogo wangu Suzan,

Marahaba, na usinisalimie kwa meno.

Kanda imefika. Tuliiwasha umeme uliporudi saa tano asubuhi, mimi, wifi yako na majirani wawili ambao sikuwaalika. Sitakudanganya. Pale anapoikunja ile shuka mara ya tatu huku anasema hana hasira, Mwanaasha alilazimika kutoka nje. Mimi nilibaki, lakini sikuona vizuri, macho yalikuwa yana maji. Sehemu moja ilikuwa kicheko. Sehemu nyingine ni kwamba nilikuwa sijakusikia ukipiga kelele tangu mwaka ulioondoka.

Nina swali moja tu. Umekasirika kwa sababu mtoto amekosea, au kwa sababu hakukosea?

Kuhusu sweta, nilikuwa nataka kukueleza kwa kirefu, lakini umeme unakaribia kukatika na nina redio ya paroko hapa mezani.

Kaka yako,
Gaudensi


Rosettenville
Jumapili, 2 Julai 2006
Asubuhi: baridi kavu, nyasi zimeungua kwa sakitu, moshi wa makaa kwa mbali.

Kaka Gaudensi,

Shikamoo. Barua inaandikwa kwa kalamu, si kwa umeme.

Mtaa wetu haujalala. Jana Ureno imewatoa Waingereza kwa penalti kwenye Kombe la Dunia, na unajua Rosettenville ni Wareno watupu. Honi mpaka usiku, bendera kwenye madirisha, Mreno wangu wa dobi amelia hadharani na kumbusu Amosi shavuni. Amosi anasema hajawahi kubusiwa na mwajiri, wangu wala wake.

Sasa jambo lenyewe. Kuna tuzo mpya zinaitwa Khanya, za kuwaheshimu waigizaji wa kike weusi katika tamthilia za televisheni. Zitatolewa tarehe 9 Agosti, Siku ya Wanawake ya hapa. Lerato ni mmoja wa wanne wanaoshindania tuzo ya tamthilia. Kwa Anti Zaina.

Alikuja mwenyewe kutuambia, Jumapili iliyopita. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari, maana akipiga simu nampa baba yake. Alikaa kwenye ukingo wa kochi kama mgeni. Akasema kila mwigizaji amepewa viti viwili vya wazazi na anataka nikae karibu naye. Mimi nilikuwa nakunja mataulo.

Nikamuuliza, "Wataka wanione mwenye sauti nikiwa hai, walinganishe?"

Akasema, "Mama, si hivyo." Kwa Kiingereza, kama siku zote. Anaelewa Kiswahili chote, lakini kikifika mdomoni kinageuka.

"Ni vipi basi?"

Akaniambia kwamba kwenye karatasi walizompa, yule mwanamke hakuwa na jina. Ameandikwa "mgeni" tu. Anakuja, anaibiwa, analia, anaondoka kabla ya kipindi cha tatu. "Kwa miaka yote hiyo," akasema, "wanawake weusi kwenye televisheni ya nchi hii walikuwa wa kufungua mlango. Sasa tumepata kuingia ndani, halafu wao wanatuwekea mtu mwingine wa kusimama mlangoni. Sikukubali awe hana kitu. Nilitafuta nani wa kumvalisha. Nikamvalisha wewe."

Maneno yalikuwa mazuri, nakiri. Lakini si yeye aliyeulizwa kwenye foleni aseme sawa-sawa-sawa.

Akauliza, "Utakuja?"

Nikasema, "Sawa, sawa, sawa."

Akanitazama muda mrefu. "Umesema mara tatu, Mama," akasema, akachukua funguo za gari. Machozi yake niliyaona kupitia dirisha, alikuwa anatafuta gia.

Sitakwenda, kaka. Nitakuambia kwa nini, kwa sababu wewe peke yako utaelewa. Unakumbuka msiba wa Baba kule Mgeta, mwaka 1992. Kabla jeneza halijatoka, Koleta alitokea chumbani amevaa koti la Baba na kofia yake, ameshika fimbo, anavuta mguu wa kushoto. Akakohoa mara mbili kabla ya kusema, kama Baba. Akauliza ni nani amesogeza kiti chake. Waliokuwa wakilia wakaanza kucheka, na waliokuwa wakicheka wakalia. Haikuwa dharau, ni kazi ya mtani. Lakini Baba alikuwa ndani ya sanduku, Gaudensi. Hakuwa amekaa sebuleni anatazama. Kwetu mtu huigwa akishakwenda. Mimi bado nashuka teksi Marshalltown kila asubuhi, na binti yangu amevaa nguo yangu, anatembea kama mimi, na watu wanacheka kana kwamba tayari nimezikwa.

Ndiyo maana nilimwota Koleta. Alikuwa amevaa sweta langu.

Na sweta bado hujanijibu.

Suzan


Morogoro
24 Julai 2006
Kwa mkono wa Zubeda

Mdogo wangu Suzan,

Marahaba. Leo sitaji vitunguu. Barua hii nampa Zubeda anayesafiri wiki ijayo, kwa sababu posta ikiichukua itafika sherehe imekwisha.

Lerato alinipigia simu mwaka jana mwezi wa Agosti. Kwanza sikumtambua. Kiswahili chake ni kile cha mtoto wa miaka kumi: cha kuomba chakula na cha kukatazwa. Lakini alijitahidi. Alianza na shikamoo, akasema anaomba ruhusa ya mjomba.

Nikauliza ruhusa ya nini. Alikuwa na maneno machache, akayapanga polepole. Alisema, "Mjomba, Mama anaondoka." Nilishtuka, nikadhani unaumwa. Akasema hapana. "Anaondoka kidogo kidogo. Kwenye teksi haongei, anatoa kidole. Dukani haongei. Kwangu anajibu Kiingereza, kidogo tu. Mama wa Mazimbu, yule wa kupiga kelele juu ya ukuta, simwoni. Na hakuna mtu amekufa."

Akaniuliza kama inaruhusiwa kufanya kama Koleta kwa mtu ambaye hajafa.

Suzan, alikuwa na miaka tisa kwenye ule msiba. Alikuwa amenishika suruali. Koleta alipotoka na koti, mtoto akaniuliza, "Mjomba, kwa nini bibi amevaa koti la Babu?" Nilikuwa nagombana na watu wa sufuria, nikamwambia amuulize mama yake. Na wewe ulimjibu, nilikusikia kwa masikio yangu: "Ili Babu asiondoke wote kwa mara moja." Labda umesahau. Yeye hakusahau.

Kwetu mjomba akikataa, limekwisha. Ningeweza kukataa. Nilikubali. Tena nikamwambia asiigize bila nguo ya mwenyewe, kwa sababu mtani akivaa nguo ya kuazima kwa jirani anakuwa anacheza tu. Ndipo akachukua sweta. Nikamwambia pia asikuambie, maana nilijua ungesema sawa mara tatu.

Siombi radhi. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, niko mbali na nimezoea.

Lakini nataka ukumbuke na mwisho wake, kwa sababu wewe umeishia katikati. Koleta hakuvua lile koti mpaka alipopewa kuku. Alikaa nalo siku nzima, akimwamuru kila mtu kwa sauti ya Baba. Tulipompa kuku alimtia kwapani, akavua koti, akakukabidhi wewe mkononi, akaondoka akiwa Koleta. Na wewe ndiye uliyemkamata yule kuku, nyuma ya jiko, na gauni lako jeusi likapasuka.

Mtoto wako amevaa sweta karibu mwaka mzima. Nani amempa kuku?

Gaudensi


Rosettenville
Alhamisi, 10 Agosti 2006
Asubuhi: upepo wa vumbi kutoka kwenye vilima vya migodi, anga la njano, baridi ya kuuma masikio.

Kaka Gaudensi,

Shikamoo, ingawa hustahili.

Zubeda aliniletea barua yako Jumatatu, dukani. Niliisoma nimesimama kati ya makoti mawili ya watu, Mreno akidhani natafuta namba. Nilipofika pale penye "siombi radhi" niliikunja. Nikaikunjua. Nikagundua kwamba nimelamba kidole gumba. Nikaiweka kwenye pochi bila kuikunja tena.

Wewe nitakushughulikia siku nyingine. Mama mtu yupo, halafu ruhusa inaombwa Morogoro! Hilo sijalimeza. Lakini ile habari ya Babu asiondoke wote, kweli niliisema. Nilikuwa nimeisahau kabisa mpaka nilipoisoma, na nilipoisoma nilikumbuka hata mkono wake ulivyokuwa na jasho.

Jana ilikuwa sikukuu, duka limefungwa. Asubuhi nilimwambia Amosi anipeleke kwa wale wanawake wanaouza kuku hai karibu na kituo cha teksi. Akasema, "Suzan, jioni tuna suti na gauni, wewe unataka kuku?" Nikamwambia aendeshe tu.

Kuku hanunuliwi kwa kidole. Unajua mwenyewe, lazima umshike mbawa, umpulize manyoya, ulalamike. Nilimshika wa kwanza nikasema ni mgonjwa. Nilimshika wa pili nikasema ni babu yake yule wa kwanza. Nilikuwa napiga kelele, nadhani, maana yule muuzaji akaweka mikono kichwani akaita wenzake: "Jamani, Anti Zaina kaja kununua kuku!"

Kwa miezi saba nilikuwa nikisikia hivyo nanyamaza. Jana nilimjibu, "Ndiyo, na Anti Zaina hanunui mifupa. Nipe yule mwekundu, au niende kwa jirani yako mwenye adabu."

Walicheka wote. Mimi pia. Hawakuniuliza nimetoka wapi. Waliniuliza kama Zaina ataolewa na mwenye nyumba, nikawaambia siruhusiwi kusema. Amosi alikuwa kwenye gari ameegemea usukani, anafuta macho. Kuku tulimfungia bafuni na bakuli la maji.

Ukumbini kulikuwa na taa nyingi na meza za duara. Lerato alikuwa amevaa bluu. Viti viwili karibu naye vilikuwa vitupu, hakuwa ameviachia mtu mwingine, ingawa alijua kabisa maana ya sawa tatu. Aliponiona nakuja kati ya meza alisimama, glasi ikaanguka. Nami nikakaa, nikaweka pochi mapajani.

Mhudumu akaja kuuliza tunakunywa nini. Nikamwambia nataka chai, ya maziwa, iwe moto, na sukari asinipimie yeye. Uma zikabaki hewani. Walikuwa wananitazama mimi, halafu Lerato, halafu mimi.

Palikuwa na mwanamke mmoja mtu mzima, naye akishindania tuzo ileile. Uso wake nilikuwa naujua: tangu tulipofika nchi hii nimemwona kwenye televisheni amevaa aproni, anafungua mlango, anapokea kofia ya mtu. Aliinama kunitazama vizuri akasema, "Kwa hiyo ni wewe."

Nikamjibu kwa Kiingereza changu hichohicho: "Ni mimi. Huyu ni mtani wangu."

Akauliza mtani ni nini. Nikamweleza kuwa kwetu kuna watu wenye haki ya kuvaa nguo yako na kukucheka mbele ya watu, na wewe huna haki ya kukasirika, ila una haki ya kuidai nguo. Alicheka kwa sauti ya chini, akasema kwao ingefaa sana. Lerato alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani ana aibu. Halafu nikaona mabega yanavyotikisika, nikajua amesikia neno lile, mtani, na amelielewa lilivyo.

Hakushinda. Alishinda yule mwanamke wa milango. Alipanda polepole, ana ugonjwa wa magoti. Alisema kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake ilikuwa kufungua mlango na kusema "ndiyo, madam", na kwamba kila mlango aliufungua kwa namna yake, wa asubuhi tofauti na wa jioni, wa mwenye njaa tofauti na wa mwenye siri, ingawa hakuna aliyemwandikia hivyo na alidhani hakuna aliyeona. "Leo mmeniambia mliona," akasema, akashuka. Ukumbi ulisimama. Lerato alikuwa wa kwanza kusimama, anapiga makofi mikono juu. Nilimtazama kwa pembeni nione kama ni maigizo. Hayakuwa.

Tulikuwa tumekwenda kwa teksi, kwa hiyo tulirudi na gari la Lerato, Amosi akiendesha. Tulipofika kwenye robot ya mwisho (huku ndivyo wanavyoita taa za barabarani) kabla ya kwetu, nyekundu, sauti yangu ikasikika kutoka kiti cha nyuma, na mimi nilikuwa nimekaa mbele: "Eti magoti! Mimi na haya magoti yangu ningepewa tuzo mbili. Sawa. Sawa. Sawa." Amosi alishindwa kuondoa gari taa ilipogeuka kijani. Wa nyuma yetu walipiga honi. Nilicheka mpaka nikavua hereni, zilikuwa zinaniumiza.

Nyumbani Lerato aliingia bafuni kwanza. Tukasikia kelele, mlango ukafunguka.

"Mama," akasema, "kuna kuku bafuni."

Kwa Kiswahili, kaka.

"Wako," nikasema. "Nipe sweta langu."

Alisimama pale na gauni la bluu. Nilimwona anarudi nyuma miaka yote ile mpaka Mgeta, na anafika. Akaingia tena bafuni. Ilichukua muda, kuku yule ana nguvu, tulisikia bakuli linapinduka. Akatoka naye kwapani, manyoya kwenye nywele zilizosukwa siku mbili. Akaenda hivyohivyo mpaka kwenye gari, akarudi na mfuko, akatoa sweta, akanikabidhi mkononi.

"Na sauti?" akauliza.

"Sauti kaa nayo mpaka tamthilia iishe. Ila Jumapili uje unirudishie kidogo, kwa Kiswahili, na mimi nitakurekebisha."

"Sawa," akasema. Mara moja tu.

Akaondoka na kuku kwenye kiti cha mbele, amemfunga mkanda.

Sweta nimelikagua chini ya taa, kama kazini. Vifungo vyote vipo, na kile cha kahawia. Kwenye kola kuna doa la poda ya usoni, rangi yake si yangu. Nimeliandika kwenye daftari. Sitalifua.

Jumatano ijayo antena itakuwa nzima. Mpige Koleta simu kwa jirani yake, mwambie ana mwenzake huku, amelipwa kuku mwekundu.

Jana nililala saa saba na dakika ishirini usiku, nimevaa sweta.

Mdogo wako,
Suzan